Miwani Nzuri ni Ile Iliyopimwa

Jioni hii tumekusudia kuzungumza nanyi habari ya miwani: imetengenezwa kwa kitu gani, ina maumbo gani, na hupimwaje hata ikae sawasawa mbele ya macho ya mwenyewe.

Watu wengi hudhani ya kuwa miwani ni kama kofia. Ukiivaa ikakukaa, basi, ni yako. Wengine huazimana, baba akavaa ya babu, na jirani akavaa ya jirani. Walakini hata fundi cherehani hakati kanzu kwa kumtazama mtu usoni. Huchukua utepe akapima mabega, kifua na urefu wa mkono. Ikiwa nguo inayofunika mwili yataka vipimo vitatu au vinne, je, kitu kinachokaa mbele ya jicho, kiungo chepesi kuliko vyote, hakitaki kupimwa?

Kwanza twataka kuwasimulia yaliyompata mwenzetu mmoja, maana kisa chake ndicho kilichotufanya tuandike mazungumzo haya. Mwenzetu huyu alikuwa haoni mbali. Mtu akimjia njiani hamtambui hata afike karibu sana, na wengi walimdhania kuwa mwenye kiburi asiyependa kuamkiana. Mwisho alikwenda kwa mpimaji wa macho mwenye elimu yake, akapimwa, akapewa cheti. Cheti kile akakipeleka dukani, akachagua fremu pana iliyompendeza, na baada ya siku chache akapewa miwani.

Siku ya kwanza furaha yake ilikuwa kubwa. Aliona majani ya mwembe moja moja, akaona na nyuso za watu upande wa pili wa barabara. Lakini ilipofika alasiri kichwa kikaanza kumuuma. Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu usiku alitazama taa ya baiskeli iliyokuwa ikija, akaiona mbili. Akarudi dukani. Muuzaji akaitia miwani katika chombo cha kupimia nguvu, akasema, "Nguvu ni ile ile iliyoandikwa katika cheti. Utazoea." Mwenzetu akavumilia mwezi mmoja, hakuzoea. Akaitia miwani sandukuni, akarudia hali yake ya zamani.

Jioni moja, magharibi ikiingia, alikuwa akivuka barabara pasipo miwani. Lori likafunga breki hatua mbili tu kutoka kwake. Utingo akatoa kichwa dirishani akamkaripia, "Mzee, huna macho?" Naye akajibu kimoyomoyo, "Ninayo, yamo sandukuni."

Sasa twawaulizeni: kosa lilikuwa wapi? Cheti kilikuwa sahihi, na nguvu ya miwani ilikuwa sahihi. Shikeni swali hilo. Tutalijibu kabla hatujaagana. Lakini ili tulijibu, yatupasa kwanza kujua kazi ya miwani.

Jicho ni mfano wa chumba kidogo cha giza chenye tundu upande wa mbele na ukuta upande wa nyuma. Tundu hilo ni mboni. Nuru huingia kwa mboni, hupindwa na sehemu safi za mbele ya jicho, kisha hukutana juu ya utando wa nyuma, na hapo sura ya kitu huchorwa. Zamani wenye elimu wengine walidhani ya kuwa jicho hutoa miale yake lenyewe ikaenda kushika vitu. Ibn al-Haytham, mtu wa Basra aliyezaliwa karibu na mwaka 965, alieleza katika kitabu chake kiitwacho Kitab al-Manazir ya kuwa mambo ni kinyume: nuru hutoka katika vitu ikaingia machoni. Elimu ya miwani imejengwa juu ya msingi huo.

Jicho likiwa refu mno, nuru ya vitu vya mbali hukutana kabla ya kufika ukutani, na mtu haoni mbali. Dawa yake ni lenzi mbonyeo, yaani iliyo nyembamba katikati na nene pembezoni, nayo huandikwa kwa alama ya kutoa. Jicho likiwa fupi mno, nuru hufika ukutani kabla haijakutana. Dawa yake ni lenzi mbinuko, nene katikati na nyembamba pembezoni, nayo huandikwa kwa alama ya kujumlisha. Yako pia macho ambayo uso wake wa mbele si mviringo sawasawa kama chungwa, bali umevutwa kama ubavu wa yai. Mwenye macho hayo huona mistari ya upande mmoja kuwa dhahiri na ya upande mwingine kuwa na ukungu. Yeye huhitaji lenzi yenye nguvu zaidi upande mmoja, nayo sharti iwekwe kwa pembe yake hasa. Ndiyo maana katika cheti chake utaona hesabu ya digrii, isiyozidi 180. George Airy, mtaalamu wa Uingereza, alibuni lenzi ya namna hiyo kwa ajili ya jicho lake mwenyewe mwaka 1825.

Tena kuna jambo lisilomwacha mtu yeyote, nalo ni umri. Ndani ya jicho mna lenzi laini inayojikunja na kujinyosha ili tuone karibu na mbali. Mtu akipita miaka 40 lenzi hiyo huwa imekakamaa. Hapo huanza kusogeza kitabu mbali na uso, kidogo kidogo, hata mwisho mkono wenyewe huwa mfupi. Mshonaji humwita mjukuu amtungie uzi, na mama hawezi tena kuchambua mchele akatoa mawe. Huo si ugonjwa, wala haumaanishi kuwa upofu unakuja. Ni kama mvi. Tofauti yake ni kwamba mvi hazimzuii mtu kazi. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilikadiria ya kuwa watu milioni 826 walikuwa na shida hiyo ya kutoona karibu pasipo kupata miwani ya kuiondoa. Na katika mashamba ya chai ya Assam, nchini India, wavunaji waliopita umri wa miaka 40 walipewa miwani ya karibu, kisha majani waliyochuma yakapimwa. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa kazi yao ilizidi ya wenzao wasiopewa kwa zaidi ya asilimia 20. Kwa hiyo miwani si pambo la wazee na makarani tu. Ni chombo cha kazi kama jembe na panga.

Nguvu ya lenzi huhesabiwa kwa kipimo kiitwacho dayopta. Lenzi mbinuko ya dayopta 1 hukusanya nuru ya jua mahali palipo mbali nayo mita 1. Ya dayopta 2 huikusanya kwa sentimita 50, na ya dayopta 4 kwa sentimita 25. Wanafunzi waweza kulijaribu jambo hili wenyewe. Chukueni miwani ya kusomea ya mzee, kwa idhini yake, mwiinue juani, na chini yake mwandae ubao. Sogezeni mpaka doa la nuru liwe dogo kabisa, kisha pimeni umbali kwa rula. Mkipata sentimita 50, miwani ile ni ya dayopta 2. Lakini jihadharini: doa hilo huweza kuwasha karatasi na majani makavu, na mtu asithubutu kabisa kulitazama jua lenyewe kwa lenzi.

Kuna na jaribio la pili, lisilohitaji jua. Ishikeni lenzi kwa mkono ulionyoshwa, mtazame kwayo mhimili wa mlango, kisha mwisogeze kulia na kushoto. Mhimili ukionekana kwenda kinyume cha mkono wenu, lenzi ni ya kujumlisha. Ukionekana kufuatana na mkono, lenzi ni ya kutoa. Tena izungusheni polepole kama usukani wa gari. Mhimili ukionekana kupinda, lenzi hiyo ina nguvu ya upande mmoja, ile tuliyoifananisha na dawa ya jicho la umbo la yai.

Sasa tuseme juu ya vitu vinavyotengenezea lenzi. Miwani ya kwanza ilionekana Italia mwishoni mwa karne ya 13. Mwaka 1306 padri mmoja jina lake Giordano da Rivalto aliwaambia watu mjini Florence, katika mahubiri, ya kuwa haijapata miaka ishirini tangu ufundi huo kuvumbuliwa. Kwa muda wa miaka mia kadha wa kadha baada ya hapo lenzi zilikuwa za kioo, na kioo kina sifa zake: hakikwaruziki upesi, na huonyesha vitu safi. Lakini kina aibu mbili. Kwanza ni kizito. Sentimita moja ya ujazo ina uzani wa gramu 2.5 hivi. Pili huvunjika, na vipande vyake vikiingia jichoni, kilichokusudiwa kuwa msaada hugeuka kuwa msiba.

Karibu na mwaka 1940 wataalamu wa Marekani walivumbua utomvu mgumu uliofanywa kwa kemia, wakauita CR-39, maana ulikuwa wa thelathini na tisa katika majaribio yao. Na tangu mwaka 1947 ukaanza kufanyiwa lenzi za miwani. Uzani wake ni gramu 1.3, yaani karibu nusu ya uzani wa kioo, nao huonyesha vitu safi kama kioo. Aibu yake ni kukwaruzika. Basi mwenye lenzi za namna hii asizipanguse kwa upindo wa shuka lenye vumbi. Azioshe kwanza kwa maji na sabuni kidogo, kisha azikaushe kwa kitambaa laini. Vumbi ni mchanga mdogo, na mchanga hukwaruza.

Mwaka 1953 ikavumbuliwa polikaboneti, Ujerumani na Marekani, kila upande pasipo msaada wa mwenzake. Hii ni nyepesi zaidi, gramu 1.2, na ugumu wake wa kustahimili pigo ni wa ajabu. Nchini Marekani, tangu mwaka 1972, sheria hutaka lenzi za miwani ziwe zenye kustahimili pigo; jaribio lake ni kuangusha juu ya lenzi tufe la chuma lenye upana wa milimita 16 kutoka juu sentimita 127, na lenzi isivunjike. Polikaboneti hushinda jaribio hilo bila taabu. Kwa sababu hiyo yafaa kwa watoto wachezao mpira, kwa mafundi wa kuchomelea na seremala, na hasa kwa mtu aliyebakiwa na jicho moja tu lionalo, maana huyo hana akiba.

Lakini hapana kitu kisicho na upungufu. Prizimu ya kioo huipasua nuru nyeupe ikawa rangi za upinde wa mvua. Na kila lenzi, pembezoni mwake, hufanya hivyo kidogo. Wataalamu hupima tabia hiyo kwa hesabu ya Abbe, mwanachuoni wa Jena, Ujerumani. Kadiri hesabu ilivyo kubwa, ndivyo lenzi ilivyo safi. Kioo cha kawaida kina 59, CR-39 ina 58, na polikaboneti ina 30 tu. Mwenye nguvu kubwa akivaa polikaboneti huweza kuona ukingo wa buluu au mwekundu kando ya taa, na yafaa aambiwe mapema asije akashangaa.

Watu wengine huuliza, "Je, twaweza kupata lenzi nyembamba, zisionekane kama chini ya chupa?" Naam. Nuru iingiapo katika lenzi hupunguza mwendo. Mwendo wake hewani ni mara 1.5 ya mwendo wake ndani ya CR-39. Nayo hesabu hiyo ikizidi, lenzi hupinda nuru zaidi, na kwa hiyo huhitaji unene mdogo. Ziko lenzi zenye hesabu ya 1.67, na nyingine 1.74, lakini bei yake ni kubwa. Basi sikilizeni siri ambayo haina gharama. Unene wa ukingo hutegemea sana upana wa fremu kuliko watu wanavyofikiri. Tuchukue lenzi ya kutoa dayopta 5. Ukipima milimita 30 kutoka kiini chake, ukingo wa CR-39 huzidi unene wa katikati kwa milimita 4.5 hivi. Ukitumia ile ya 1.67, huzidi kwa milimita 3.4. Lakini ukiacha CR-39 ile ile ya bei nafuu, ukachagua fremu ndogo ambayo ukingo wake uko milimita 22 tu kutoka kiini, huzidi kwa milimita 2.4. Fremu ndogo imeshinda lenzi ya fedha nyingi! Mwenye nguvu kubwa na achague fremu ndogo, ya mviringo, ambayo macho yake hukaa katikati yake.

Juu ya maumbo tutasema kwa ufupi. Lenzi zilizo nyingi siku hizi si bapa, bali zimekunjika kama kigae cha chungu, upande wa tumbo ukilielekea jicho. Maana lenzi bapa huonyesha vema katikati, na pembezoni huleta ukungu. Kisha kuna miwani ya sehemu mbili kwa mtu anayehitaji nguvu moja ya mbali na nyingine ya karibu. Benjamin Franklin wa Marekani alieleza katika barua ya mwaka 1785 jinsi alivyochoka kubadili miwani mbili, akaamuru kila lenzi ikatwe nusu, nusu ya mbali ikae juu na nusu ya karibu ikae chini. Siku hizi sehemu ya chini huwa kama dirisha dogo. Mwaka 1959 Bernard Maitenaz, mhandisi wa Ufaransa, alileta lenzi isiyo na mstari, ambayo nguvu yake huongezeka polepole kutoka juu hata chini. Hiyo ni nzuri, lakini kando kando ya sehemu ya chini mna ukungu, na yataka vipimo vya makini kuliko zote. Mwenye kuvaa lenzi za namna hizi akishuka ngazi na ainamishe kidevu, atazame kwa sehemu ya juu. La sivyo ataona kidato kwa sehemu ya karibu, akakosa mahali pa kukanyaga.

Sasa tumefika kwenye vipimo, na hapa ndipo penye jawabu la swali letu.

Kila lenzi ina kiini, yaani mahali ambapo nuru hupita pasipo kupindwa. Kiini hicho sharti kikae mbele ya mboni. Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni upana baina ya mboni na mboni. Fundi hukaa mbele yako, uso kwa uso, kwa umbali wa sentimita 40. Huweka rula ya milimita juu ya pua yako. Hufumba jicho lake la kulia, akuambie utazame jicho lake la kushoto, naye huweka sifuri ya rula sawa na mboni yako ya kulia. Kisha, pasipo kutikisa rula, hufumba la kushoto na kufumbua la kulia, akuambie utazame hilo. Naye husoma hesabu iliyo sawa na mboni yako ya kushoto. Kwa watu wazima walio wengi hesabu hiyo ni baina ya milimita 54 na 74. Kwa kusoma hupungua milimita 3 au 4, maana macho yakitazama karibu huelekeana. Fundi aliye makini hupima pia kila jicho peke yake kutoka katikati ya pua, kwa kuwa nyuso nyingi hazikugawanyika sawasawa.

Kipimo cha pili ni cha fremu. Ndani ya mkono wa miwani mara nyingi huandikwa hesabu mbili, mathalani 52 na 18, na katikati yake kijisanduku kidogo. Ya kwanza ni upana wa lenzi moja. Ya pili ni nafasi iliyo juu ya pua. Zijumlisheni: 52 na 18 ni 70. Hivyo ndivyo vituo vya katikati vya fremu hiyo vinavyoachana, milimita 70.

Kipimo cha tatu ni kimo. Kwa miwani ya sehemu mbili, kichwa cha dirisha la chini kwa kawaida hukaa sawa na ukingo wa kope ya chini. Kwa lenzi isiyo na mstari, alama ya fundi hukaa sawa na katikati ya mboni. Kipimo hicho huchukuliwa fremu ikiwa imekwisha kurekebishwa puani na masikioni, wala si kabla.

Kipimo cha nne ni umbali wa lenzi na jicho, ambao kwa kawaida ni milimita 12 hata 14. Kwa nguvu ndogo haudhuru sana. Kwa nguvu kubwa hudhuru. Lenzi ya kutoa dayopta 10 ikiteremka puani milimita 5 tu, hupoteza kadiri ya nusu dayopta. Ndiyo maana mtu mwenye miwani nene huisukuma juu kila mara kwa kidole ili aone. Cha tano ni mwinamo: sehemu ya chini ya fremu huelekea shavu kidogo, kadiri ya digrii 8 hata 12, nayo fundi hushusha kiini milimita 1 kwa kila digrii 2 za mwinamo.

Turudi kwa mwenzetu. Baada ya kisa cha lori tulimpeleka kwa fundi mwingine, mzee mtaratibu. Hakukimbilia chombo chochote. Alichora msalaba mkubwa ukutani kwa rula, akaishika miwani mbele yake, akaisogeza mpaka mistari iliyoonekana ndani ya lenzi ikaungana sawasawa na mistari iliyo nje yake, juu na chini, kulia na kushoto. Mahali mistari ilipokatana akatia nukta ya wino. Akafanya vivyo hivyo kwa lenzi ya pili. Kisha akapima baina ya nukta na nukta: milimita 70. Akapima mboni za mwenzetu: milimita 62. Akaweka rula chini, akasema, "Miwani hii ilipimwa kwa fremu, haikupimwa kwa mtu."

Kumbe aliyeitengeneza alikuwa ametia viini katikati ya fremu, 52 na 18, pasipo kumwangalia mvaaji. Ilipasa kila kiini kisogezwe ndani milimita 4. Je, milimita 4 ni kitu? Kanuni iitwayo ya Prentice yasema: zidisha sentimita za kosa kwa dayopta za lenzi. Nguvu ya mwenzetu ilikuwa ya kutoa dayopta 5. Sehemu ya sentimita 0.4 mara 5 ni 2. Na macho mawili ni 4. Maana yake, lenzi zile zilikuwa kama kabari mbili za kioo zilizoyatenganisha macho yake, kana kwamba kitu kilicho mbali mita 1 kimegawanywa sentimita 4. Ili aone taa moja, ilimlazimu avute kila jicho nje kuelekea sikio lake, kutwa nzima, kazi ambayo macho hayakuumbwa kuifanya. Alipochoka usiku, macho yaliacha kuvuta, na taa ikawa mbili. Wala hakuna mtu awezaye kuzoea jambo hilo kwa kuamriwa.

Fundi yule akamtafutia fremu ya 44 na 18, ambayo jumla yake ni 62, akatia lenzi mpya za nguvu ile ile. Siku hizi mwenzetu huivaa tangu alfajiri hata kulala, na watu wamekoma kumwita mwenye kiburi.

Wengine watauliza juu ya miwani ya kusomea iuzwayo sokoni tayari. Hatusemi ni haramu. Mtu ambaye macho yake mawili ni sawa, anaona mbali vema, na shida yake ni ya umri tu, yaweza kumfaa kwa kazi ya karibu. Lakini miwani hiyo ina nguvu moja machoni pote na upana mmoja kwa watu wote. Tena, anayejinunulia pasipo kupimwa hajui kilichomo ndani ya jicho. Presha ya macho huiba kuona polepole pasipo maumivu, na miwani ya sokoni haitamwambia. Wazee walisema: Rahisi huvunja upishi.

Na kwa walimu na wazazi twasema neno moja. Mtoto anayenakili daftari la mwenzake badala ya ubao, anayekunja uso atazamapo mbali, au anayesogea mbele kila siku, msifanye haraka kumwita mvivu wala kumpiga. Mpelekeni akapimwe. Huenda hajapata kuuona ubao tangu siku ya kwanza, naye adhani kila mtu huona hivyo hivyo.

Basi mkienda kuchukua miwani, ulizeni mambo matano. Je, umepima mboni zangu? Je, lenzi hizi ni za kitu gani? Je, fremu hii ni kubwa mno kwa nguvu yangu? Je, viini viko mbele ya macho yangu? Je, utanirekebishia puani na masikioni kabla sijaondoka? Fundi wa kweli hatakasirika. Atafurahi kumpata mtu anayeijua thamani ya kazi yake.

Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini mwenye miwani, wasikilizaji wetu, na aambiwe: pima kwanza. Tumemaliza mazungumzo ya leo. Kwaherini.